Mzinga wa Januari

Kwanza niliipoteza harufu.
Miaka minane kabla ya mkono, pua ilitangulia kuaga.
Nilifungua mzinga ulio chini ya misonobari, mwezi wa Julai,
nikavuta pumzi kama alivyonifunza baba,
na hapakuwa na kitu. Joto usoni. Basi.
Nikamwambia Cvetka: mwaka huu nyuki wametuibia.
Akachovya kidole, akalamba, akanitazama kitambo.
"Asali haina neno, Ludvik."

Hakuna aliyejua kuwa hiyo ilikuwa barua ya kwanza.

Zilizofuata niliziandika mwenyewe
katika daftari la mizinga: herufi zikikonda, zikinyauka,
hadi malkia wa mzinga wa kumi na moja
akawa nukta, binti yangu akamsoma kwa kioo cha kukuzia.
Kisha kidole gumba cha kulia kikaanza kusokota
uzi usiokuwepo.

Daktari kule Ljubljana alikuwa kijana, tena ana mafua.
Akaniambia nitembee ukumbini, nigeuke, nirudi,
nigonganishe vidole viwili kama mdomo wa bata.
Akapenga kamasi, akataja jina: Parkinson.
Nilidhani anamwita mgonjwa anayefuata.

Sitasema nilijifunza upesi.
Kipupwe kile chote nilikaa jikoni nimeukalia mkono,
kama mtu aliyemkalia mbwa wageni wasimwone.
Na mbwa, nani asiyejua, hutikisa mkia.

Sasa najua machache.
Kidonge cha saa moja, cha saa tano, cha saa tisa,
na jibini lisubiri, maana jibini na dawa
hugombania mlango mmoja.
Najua kizingiti cha jikoni, siku nyingine, ni mto uliofurika:
miguu husimama ukingoni, haitaki kusikia.
Cvetka akabandika tepe za manjano sakafuni, tano.
Sakafu tupu naikataa; mstari nauruka.
Ubongo, asema Tjaša, una njia zake za panya.

Tjaša hutukusanya kila Jumanne katika ukumbi wa zimamoto,
tisa sisi, kati ya magari mekundu,
tukipiga hatua za majitu, tukipaza sauti: Aaaa!
Bogdan, aliyekuwa karani wa posta na kunong'ona maisha yake yote,
hutikisa vioo.
Sauti ninayoiona ya ugomvi
kumbe ndiyo wanayoisikia wengine kuwa ya kawaida.
Nimemwomba radhi mke wangu mara mia kwa kumfokea.
Yeye anasema: rudia, sikusikia.

Leo theluji imefika magotini.
Nimekwenda mizingani na fimbo mbili, nimetumia nusu saa
kwa njia ambayo zamani nilikuwa naimaliza nikiwasha kiko.
Nikaweka sikio ubaoni.
Humo ndani wamejikunja tonge moja, malkia katikati,
mabawa kimya, misuli ikitetemeka usiku na mchana,
na mtetemeko huo ndio jiko lao.

Sisemi mimi ni nyuki.
Wao mtetemeko wao una kazi, wangu humwaga supu.
Lakini niliegemeza kiganja pale, kikitapatapa,
na ubao ukivuma,
na kwa muda sikuweza kusema
nani anamtetemesha nani.

Niliporudi, Cvetka alikuwa amefungua chupa ya Julai.
Siku hizi yeye ndiye pua yetu. Hunisomea harufu
kama mtu anayemsomea jirani gazeti.
"Utomvu," akasema, macho kayafumba.
"Mvua iliyokatika jana. Gome lililokaushwa na jua.
Na soksi zako, Ludvik, zivue, zimelowa."

Mchovya asali hachovyi mara moja.
Kijiko kikagonga chupa, kikagonga meno,
nusu ikaishia kidevuni.
Nikachovya tena.